Mtu wa Plastiki Kwenye Kiti cha Mume Wangu

Mwanafunzi wangu wa zamani aliingia uani kwangu asubuhi moja amebeba mtu mzima begani, kama anayebeba gunia la makaa. Ilikuwa mwanzo wa likizo ndefu, majira yale ya baridi ambapo vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia mpaka ndani ya kabati na watu hawavui makoti kabla ya saa nne. Nilikuwa nafagia. Nilipoinua macho niliona miguu miwili isiyo na viatu ikining'inia mgongoni mwake, na ufagio ukanitoka mkononi.

"Madame, hapana kuogopa," alisema akicheka. "Iko manekini tu. Ile ya duka ya manguo."

Aliisimamisha ukutani, karibu na pipa la maji, akapangusa jasho. Nilimfundisha Kifaransa kwa miaka mitatu katika shule ya sekondari ambako bado nafundisha. Sasa alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita. Alipiga video za ndoa ili aishi, na siku zilizobaki alitengeneza filamu fupi na marafiki zake wawili. Alikuja kuniomba niigize katika filamu yake mpya.

Alinieleza hadithi tukiwa tumesimama palepale. Mshonaji mmoja anaishi peke yake na manekini anayoitumia kupimia makoti ya wanaume. Taratibu anaizoea kupita kiasi. Anaipikia. Anawafukuza wateja wanaoigusa. Mwishoni haelewi tena ni nani kati yao wawili aliye hai, na anaichoma moto.

"Ni filamu ya kutisha," alisema, "lakini haina mashetani, haina balozi, bale bachawi ba usiku. Woga yote iko mu kichwa ya ule mama."

"Na kwa nini mimi?"

"Juu Madame unajua kunyamaza."

Nilikuwa nimeigiza mara nyingi katika kikundi cha parokia, na watu walinisifu kwa maneno mengi niliyoweza kukariri. Hakuna aliyewahi kunisifu kwa kunyamaza. Nikakubali kabla sijafikiri. Ndipo akatoa sharti lake: manekini ibaki kwangu majuma matatu, mpaka siku ya kuanza kupiga picha.

"Bantu ba teatri banajifunza maneno," alisema. "Mimi nataka mwili yako imuzoee. Umuvalishe nguo. Umuikalishe. Umusemeshe. Siku tutafungua kamera, usimuangalie sawa mugeni."

Akaondoka. Nikaokota ufagio, tukabaki tukitazamana na yule mtu. Ilikuwa manekini ya zamani kutoka duka la katikati ya mji lililofungwa. Ilitengenezwa ikiwa na rangi ya Mzungu, kisha mtu akaipaka kahawia kwa brashi, na nyuma ya masikio ule upinki wa kwanza ulikuwa bado unaonekana. Mkono wa kushoto ulikosa vidole viwili. Macho yake hayakukutazama usoni, yalipita juu ya bega lako, kama ya mtu anayesubiri mwingine aingie mlangoni.

Lazima niseme nyumba yangu ilikuwaje siku zile. Binti yetu wa pekee alikuwa ameolewa Kinshasa. Mume wangu alikuwa fundi wa malori makubwa katika kampuni moja ya migodi upande wa Kambove. Mwanzoni alirudi kila Jumamosi na mfuko wa nguo chafu na samaki wanaouzwa njiani. Baadaye akawa anarudi mara moja kwa mwezi. Tangu Pasaka hakurudi kabisa, alikuwa anapiga simu tu. Simu zenyewe zilikuwa fupi: hujambo, sijambo, réseau ni mbaya, mtandao unakatika, tutasemezana. Nikikata simu nilikuwa natembea kutoka jikoni mpaka langoni, kutoka langoni mpaka jikoni. Nilikuwa nafagia ua ambao nilikwisha kuufagia. Nilikuwa na hakika ana mwanamke huko, na sikumwambia mtu yeyote, kwa sababu neno la namna hiyo ukilitoa mdomoni haliwezi kurudi.

Siku ya kwanza niliiweka manekini kwenye kona ya sebule na kuifunika shuka. Lilikuwa kosa. Kitu kilichofunikwa shuka kina umbo la maiti. Nilipokuwa nasahihisha madaftari ya mtihani wa marudio nilikuwa nageuka kila dakika. Siku ya pili nikaitoa shuka. Siku ya tatu nikaona ni afadhali ikae kuliko kusimama, kwa kuwa mtu anayesimama sebuleni mwako bila kusema anakutia wasiwasi. Miguu yake ilikunjika kwenye nyonga kwa mlio kama wa kuvunja fimbo. Kiti pekee kilichoifaa, chenye mikono mipana, kilikuwa cha mume wangu, pale dirishani.

Nguo nilichelewa kuivalisha. Nilijaribu shati la zamani, likaonekana la masikini. Mwishowe nilifungua kabati na kutoa koti la kijivu ambalo mume wangu alivaa siku ya ndoa ya binti yetu. Lilimkaa vizuri kuliko lilivyomkaa mwenyewe. Nakumbuka nilirudi nyuma hatua mbili kulitazama, nikasema kwa sauti, "Voilà." Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia.

Mwanzoni nilimwambia maneno ya filamu tu. Yule mshonaji hana maneno mengi: "Umechoka leo," "Usiwasikilize," "Mimi najua unanisikia." Nilikuwa nayasema nikiwa namenya viazi, mbele yake, kama mazoezi. Lakini maneno ya filamu yaliisha upesi, na mdomo ulikuwa umekwisha kuzoea. Siku moja, baada ya "Usiwasikilize," nikaendelea: "Lakini mimi nimesikia. Nimesikia kwamba wanaume wote wa Kambove wana nyumba mbili." Nikatulia na kisu mkononi. Yeye alitazama juu ya bega langu. Hakukana, hakukasirika, hakusema réseau ni mbaya. Basi nikamwambia yote.

Alasiri ile nililala usingizi mzito, wa kwanza tangu Pasaka.

Sitaki kudanganya kwamba sikujua. Nilijua ni plastiki, na kila asubuhi nilikuwa nafuta vumbi usoni mwake kwa kitambaa kilekile cha meza. Lakini kujua kulikuwa upande mmoja, na miguu yangu ilikuwa upande mwingine. Nilianza kuharakisha sokoni. Muuza sombe, yale majani ya muhogo, aliniuliza kwa nini siongei siku hizi, nikamjibu kwamba kuna mtu nyumbani. Nilianza kuweka sahani mbili, nikijiambia kwamba yule mshonaji naye anaweka sahani mbili. Nilikuwa namega bukari, ugali wetu, na kula, kisha nakula na ile ya sahani ya pili, na tumbo likaanza kunisumbua kwa kushiba. Rangi ya kahawia ilikuwa inatoka shingoni mwake na kuchafua kola ya koti. Nililifua mara mbili, na kila mara nilipomvua nilifumba macho.

Dada yangu mkubwa alikuja juma la pili bila kutangaza, kama kawaida yake. Anaishi mtaa wa pili, na sisi wote wawili ni watoto wa mfanyakazi wa reli aliyetulea kwa kengele na saa, kwa hiyo dada yangu akiingia mahali anaona mara moja kitu kisichokuwa mahali pake. Alisimama mlangoni akashika kifua.

"Yesu! Nani ule?"

"Iko ya filamu, Yaya. Nilikuambia."

"Uliniambia sanamu. Hukuniambia koti ya shemeji yangu." Alisogea, akamzunguka. "Na hii sahani ni ya nani?"

"Ni mazoezi."

Alinyoosha mkono kugusa ile kola iliyochafuka. Mkono wangu ulifika kabla ya akili yangu. Nilimpiga kofi mkononi, dada yangu mkubwa, aliyenibeba mgongoni. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko nilivyotaka. Tulitazamana.

"Yeye hapendi," nilisema.

Dada yangu alikaa chini polepole kwenye ukingo wa kochi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. "Unasikia vile unasema? 'Yeye hapendi.' Mudogo yangu, ile kintu haina moyo. Iko tupu mu ndani. Pigapiga uone, itatoa sauti sawa ndoo."

"Najua."

"Kama unajua, uitoshe leo. Tuibebe pamoja kwangu, nitaiweka mu depo mpaka siku ya filamu."

"Hapana."

"Ju ya nini?"

 Nikamwambia kwamba mwongozaji wa filamu ameniagiza. Alinikumbatia, akaniambia atawaomba wamama wa kikundi cha sala waje, nikamwambia asithubutu, akatoka akitembea kinyumenyume kama mtu anayetoka kanisani. Mara alipopita lango nilirudi sebuleni, nikanyoosha kola ile, nikasema, "Samahani."  Siku nzima ile sikuweza kukaa.

Jumatatu iliyofuata, alasiri, simu yangu ililia. Ilikuwa juu ya meza, kati yangu na yeye, na jina la mume wangu lilikuwa linawaka kwenye kioo. Nilikuwa katikati ya kumsimulia yule mtu wa plastiki jinsi baba yetu alivyotupigia kengele ya kuamka tukiwa watoto. Ilikuwa hadithi ambayo mume wangu hakuwahi kuisikia mpaka mwisho, kwa sababu siku zote alilala kabla. Simu ikanyamaza. Ikalia tena. Mara ya tatu niliigeuza uso chini, nikasema, "Subiri nimalize." Nikamaliza.

Jumatano, saa sita na nusu, mlango wa nje ulifunguliwa na mume wangu akaingia.

Sikumtambua papo hapo. Alikuwa amekonda mpaka masikio yameonekana makubwa. Alivaa suruali iliyokatwa magotini na viatu vya mpira, na ngozi yake ilikuwa na vumbi la kijivu ambalo si la Lubumbashi. Mimi nilikuwa mezani. Sahani mbili zilikuwa zimeandaliwa. Yeye alitazama kiti cha dirishani, akaliona koti lake, akaona mtu ndani ya koti, na juu ya ukuta, nyuma ya kiti, picha yetu ya ndoa, ambayo imekuwa hapo miaka yote. Nilimwona akipangua na kupanga hayo yote kichwani mwake.

"Mulifanya kilio yangu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Kilio gani?"

"Banakuambia nimekufa? Juu mulichukua koti yangu, munaiweka pale, na chakula..." Alisogea kuelekea kiti. Nadhani alitaka tu kukaa. Alishika mkono wa kiti, akaanza kukivuta.

"Hapana ikala pale!" nilisema. "Kiti iko na muntu."

Nimesema maneno mengi mabaya katika miaka ishirini na mitano ya ndoa, na karibu yote nimeyasahau. Hilo sijalisahau. Mume wangu aliachia kiti. Alikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso kwa mikono, na hapo ndipo nilipoiona ile mikono. Haikuwa tena mikono ya fundi, yenye grisi kwenye kucha. Viganja vilikuwa vimechanika kutoka pembe hadi pembe, vidonda vipya juu ya vidonda vya zamani, kama mtu aliyeshika waya wa moto.

Nilikwenda kuchemsha maji. Nilimwosha mikono kwenye beseni, pale pale sakafuni, na akaniambia akitazama beseni.

"Kazi iliisha mbele ya Pasaka. Batu makumi tatu, siku moja, bananitosha kazi pamoja nabo. Nilikuwa na haya. Nilisema nitapata ingine, halafu nitakuambia yote mbili pamoja."

"Na ukafanya nini?"

"Nikaenda kwa bachimbaji. Mimi mu shimo siingii, niko muzee. Mi nashika kamba. Banafunga mufuko mu chini, banapiga yowe, tunavuta." Maji yalikuwa mekundu, si kwa vumbi tu. "Jumatatu udongo ukaanguka. Bawili beko mu chini, batoto tulikula nabo mukate asubuhi. Tulivuta. Kamba ikakataa kuya. Tulivuta mpaka mikono yote inapasuka, kamba ikakataa."

Nilimwaga maji yale, nikamimina mengine.

"Nikakupigia simu," alisema. "Mara tatu. Nilitaka tu kusikia sauti."

Nilimfunga mikono kwa vipande vya kitenge safi. Nilitaka kumwambia kwamba simu ilikuwa kwenye chaja, kwamba nilikuwa sokoni. Maneno yalikuwa tayari. Badala yake nilisema, "Niliisikia. Sikuipokea." Hakuuliza kwa nini. Aligeuza kichwa akamtazama yule mtu wa dirishani, kwa muda mrefu, si kwa hasira, bali kama mtu anayemtazama mgonjwa mwingine katika chumba cha hospitali.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu kuliko zile za upweke. Niliihamishia manekini chumba cha binti yetu na kufunga mlango. Mume wangu alikaa kwenye kiti chake, lakini alikaa ukingoni, tayari kuinuka. Tulikuwa tunaongea kwa adabu, kama watu waliopangishwa nyumba moja. Alishtuka kila lori lilipopita barabarani. Mimi nilikuwa nashika kitasa cha chumba kile mara kumi kwa siku. Siku moja nilifungua na kuingia, nikasema tu, "Niko," nikatoka. Mume wangu alikuwa amesimama ukumbini, bandeji mikononi.

"Unamuogopa ama unamukumbuka?" aliuliza.

"Sijue, Papa."

Lilikuwa jibu la kweli. Nilikuwa na mume wangu mzima nyumbani, hana mwanamke wa pili, hana kosa isipokuwa aibu yake, na sikuweza kumwambia robo ya yale niliyomwambia mtu asiye na masikio. Nikianza sentensi, naye alikuwa anaanza yake. Au alikuwa anasinzia. Au alikuwa ananitazama usoni, na kutazamwa usoni kulinifanya nisahau nilichotaka kusema.

Filamu ilipigwa kwa siku tano katika nyumba ya mtaa wa Karavia ambayo mjomba wa yule binti wa filamu, mwanafunzi wangu, alituazima, nyumba kubwa isiyo na samani yenye ua wa majani makavu. Chumba kimoja kiligeuzwa kuwa atelye ya mshonaji: cherehani, vitambaa, kioo. Binti yule alikuwa mpole na mkali kwa wakati mmoja. Alinitazama kupitia kamera akasema, "Madame, ni sawasawa. Usiongeze kitu." Hakujua kwamba sikuwa naongeza. Katika onyesho ambalo mteja anagusa koti, mwigizaji mwenzangu aliniambia baadaye kwamba aliogopa kweli.

Siku ya tano ilikuwa ya moto. Tulianza saa tatu asubuhi ili jua lisiwe kali kwenye picha. Mume wangu alikuja. Hakuwahi kuja kuniona nikiigiza parokiani hata mara moja. Siku ile alisimama karibu na ukuta wa ua, mikono nyuma. Walikuwa wameikalisha manekini kwenye kiti cha mbao katikati ya majani. Nilipewa chupa ya petroli na kiberiti. Kwa mujibu wa hadithi nilipaswa kumwaga, kuwasha, na kutazama bila kusema neno mpaka mwisho.

Binti aliinua mkono. Kamera ikaanza.

Nilimwaga miguuni. Kisha nikasimama. Niliona kola, na doa lile la kahawia ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Niliweka chupa chini. Nikaanza kufungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, ingawa hakuna aliyeniagiza. Nilimtoa mkono wa kwanza, nikamtoa ule usio na vidole viwili, nikalikunja koti vizuri na kuliweka juu ya majani mbali na moto. Alibaki uchi, na pale ambapo koti lilimfunika rangi ilikuwa imebanduka vipande vipande, na chini yake kulikuwa na ule upinki. Hakufanana na mume wangu hata kidogo. Hakufanana na mtu yeyote. Nikawasha kiberiti.

Plastiki haiungui kama kuni. Kwanza ilipiga jasho, kisha uso ukateremka, pua ikafika kidevuni, na moshi mweusi ukaja wenye harufu ya kukata koo. Nilipiga yowe. Ilikuwa sauti ambayo sikuwa naijua, sauti ya mama wa kilio, na iliendelea kutoka hata nilipotaka kuifunga. Watu wa jirani walikuja langoni. Mume wangu alivuka ua akapita mbele ya kamera, akanishika mabega kutoka nyuma, na binti yule hakusema "kata." Aliacha kamera iende mpaka kiti chenyewe kikaanguka.

Nilidhani kwamba baada ya moto nitatulia. Haikuwa hivyo. Kwa majuma kadhaa nilikuwa natembea ndani ya nyumba kama mtu aliyepoteza funguo. Mara mbili nilitoa sahani tatu. Nilikwenda kumwona muuguzi mmoja wa zahanati ya parokia, mama mtu mzima, nikamweleza yote. Hakunicheka. Aliniambia nisione haya kwa kumlilia mtu wa plastiki, kwa sababu yaliyonitoka kwake yalikuwa mambo ya watu wa kweli, na sasa nitafute pa kuyapeleka. Aliniomba nirudi kila Alhamisi, nami nikarudi mpaka shule ilipofunguliwa. Mume wangu alipata kazi katika gereji ya mtu binafsi, karibu na barabara ya kwenda Likasi. Mikono ilipona, ila hakuweza tena kukunja ngumi sawasawa. Alikwenda Kambove mara moja tu, kusali na familia za wale wawili, na aliporudi alikaa uani mpaka giza likaingia, nami nikakaa naye bila kuuliza.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi wa mjini, pamoja na nyingine tatu fupi. Dada yangu alikuja amevaa kitenge kipya. Mwanzoni watu walicheka, hasa pale ninapoweka sahani ya pili, na kijana mmoja nyuma yetu alipaza sauti, "Mama, ongeza nyama!" Kisha kicheko kikapungua. Ilipofika sehemu ya koti, ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mashine ikivuma. Nilimwona mwanamke kwenye kioo kikubwa akifungua vifungo kwa uangalifu, na uso wake ulikuwa na upole ambao sijawahi kumwonyesha mtu mwenye damu. Sikuweza kubaki. Nilipita mbele ya magoti ya watu nikatoka nje.

Nilisubiri kwenye ngazi. Nilisikia yowe langu kupitia mlango, kisha kimya, kisha makofi. Watu walitoka wakinipisha, wengine wakinitazama kwa pembe ya jicho. Muuza karanga aliniuliza kama mimi ndiye yule mama mwenye wazimu, nikamwambia ndiyo. Dada yangu alinibusu mashavu yote mawili, macho yake mekundu, akasema atakuja Jumapili baada ya misa, akaondoka upesi kabla hajalia mbele ya watu.

Mume wangu alitoka wa mwisho. Tulitembea kuelekea kituo cha teksi, tukavuka barabara. Vumbi lilikuwa limetulia, ilikuwa imenyesha mvua ya kwanza ya msimu jana yake.

"Mu filamu unamusemesha na sauti haisikike," alisema. "Midomo tu njo inatembea. Wakati anamenya viazi... wakati unamenya viazi. Ni maneno gani ile?"

"Si ya filamu."

"Njo maana nauliza."

Teksi moja ilisimama, dereva akatuita. Mume wangu alimpungia mkono aende. Akanitazama, kisha nadhani alikuwa amekwisha kutambua kwamba nikitazamwa usoni ninapotea, akageuza macho kwenye barabara, tukaendelea kutembea bega kwa bega.

Nilianza na Kambove, na nyumba mbili za kila mwanaume. Alisimama kidogo, kama aliyekanyaga msumari, lakini hakunikatiza. Nikamwambia juu ya réseau, na kufagia ua. Nikamwambia jinsi koti lilivyomkaa yule mwingine vizuri kuliko yeye, naye akatoa sauti puani ambayo huenda ilikuwa kicheko. Tulipofika mtaani kwetu nilikuwa nimefika kwenye kengele ya baba yangu, na miguu ilikuwa inaniuma, na bado yalibaki mengi.